Kinyungu cha Chemchemi

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Nina watu watatu na zawadi moja isiyogawanyika. Nikimaliza mtaniambia nani aichukue, na asitokee mtu wa kusema "wote ni washindi". Hilo ni jibu la waoga.

Katika mji mdogo wa Lyamgosi, kule nyanda za juu ambako baridi ya Juni hugandisha hata salamu, Tulakela alijaliwa miguu: ardhi akiikanyaga mara moja, haimtoki kichwani. Lwitiko, fundi cherehani aliyehamia kutoka Tukuyu, alijaliwa macho: alisoma kila kitu hadi mwisho, hata maandishi madogo ya kwenye mfuko wa mbolea. Bibi Semfilinge alijaliwa mdomo: akikuita unakwenda, hata kama umeshavua viatu.

Chini ya mji kuna bonde la Lutono. Wakati wa masika hujaa maji na majani, huoni pa kuweka mguu. Mvua zikikatika, watu huinua matuta na kupanda mahindi, maharage na njegere. Bustani hizo za bondeni ndizo vinyungu, na ndizo zinazoilisha Lyamgosi maghala yakibaki na panya tu. Kinyungu alicholima Tulakela kilikuwa cha mjomba wake, aliyemwazima tangu mama yake alipofariki. Hakuwa na shamba jingine, na watoto wake wawili walikula hapo.

Basi wakaja wataalamu kuhuisha mpango wa matumizi ya ardhi, mpango wa miaka ishirini. Walikuja mwezi wa tatu na viatu safi, wakataka virudi safi. Wakasimama barabarani, wakapiga picha majani na maji, wakaandika: eneo wazi, halitumiki. Kwenye ramani wakalipaka zambarau, yaani stendi ya mabasi na maghala. Miaka ishirini ya watu ikaamuliwa na mtu anayeogopa tope.

Mwezi wa tano wakaitisha mkutano wa maoni. Afisa mipango akamwaga maneno: uendelevu, kanda mseto, uwekezaji. Mwenyekiti Kivamba, ndani ya koti la harusi ya mwanawe, akauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Walielewa nini? Walielewa soda. Karatasi ya mahudhurio ikapita, na bila saini hupati chupa. Tulakela naye alisaini. Alichukua ya chungwa.

Wakati wa kutoka ndipo aliposimama mbele ya ramani ukutani. Akaweka kidole kanisani, akakishusha hadi darajani, akahesabu kimoyomoyo hatua anazotembea kila asubuhi na jembe begani. Kidole kikaishia kwenye zambarau.

"Afisa, samahani. Hapa ndipo ninapolima."

"Hapo hakuna mtu, mama. Tulipima."

"Mlipima mkiwa ndani ya gari?"

"Muda wa maoni umekwisha. Kikao kimefungwa."

"Tulakela, mwanangu," mwenyekiti akanong'ona, "usitutie aibu mbele ya wageni."

Aibu! Mji unauzwa kwa kreti tatu za soda, na aibu ni ya anayeuliza.

Akaenda moja kwa moja kwa Lwitiko. Tangazo la mpango lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi, kurasa tano, na juu yake mtu alikuwa amebandika mwaliko wa kipaimara. Lwitiko akaufunua mwaliko, akasoma amesimama. Ukurasa wa nne ukasema wakazi waliosaini mahudhurio wameafiki. Wa tano, chini kabisa, ukasema pingamizi lipokelewe kwa maandishi ndani ya siku thelathini, likiwa na sahihi za kaya zinazohusika. La mdomo halitahesabiwa.

"Yaani tungepiga kelele mpaka Krismasi," akasema, "na wao wangeandika: hakuna maoni."

Sare za shule zote za halmashauri zilishonwa na yeye. Mwenyekiti akapita dukani, akashikashika vitambaa. "Fundi, ukiandika hiyo barua, sare za mwakani utazisikia redioni."

Aliandika. Sare akazisikia redioni.

Barua ikawa tayari, nzuri, imenyooka, ina sahihi mbili. Tulakela akazunguka nyumba kwa nyumba. Akaambiwa: "Tutaona." Akaambiwa: "Serikali ikishapanga imepanga." Jirani mmoja alimwambia aache kiherehere, na jirani huyo alikuwa anatafuna hindi la Lutono wakati akisema hivyo. Zikabaki siku nane.

Hapo Bibi Semfilinge akachukua fimbo. Goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Alipita mitaa yote, mlango kwa mlango. "Kamwene! Kesho kwangu kuna mbegu za bure. Mje wenye kaya."

Kwa ajili ya ardhi yao hawakuja. Kwa ajili ya mbegu walikuja mbio, na magunia mkononi. Bibi akawatazama uani kwake, akainua barua ya Lwitiko.

"Mbegu ndiyo hii. Msipoitia vidole gumba, mwakani mtapanda nini? Lami?"

Waliguna, walilaani, walitia. Kaya mia mbili na kumi na nne, na barua ikafika ofisini kabla siku hazijaisha.

Mwezi wa saba afisa akarudi, safari hii kwa miguu. Bonde lilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Kumbe." Shahada mbili, na neno lililomtoka ni hilo. Stendi ikahamishiwa kilimani, Lutono ikapakwa kijani kwenye ramani: kilimo, miaka ishirini. Mwenyekiti akasimama, akatangaza kwamba ofisi yake imepigana kiume, akajipigia makofi. Na watu wakamfuatisha! Mikono yao haijui kitu kingine.

Sasa zawadi. Penye chemchemi pana kinyungu cha matuta manne kisichokauka kamwe, na mwenyewe alifariki bila mrithi. Wenye bonde wakakubaliana: apewe mmoja tu, aliyeliokoa Lutono, maana kikikatwa vipande hakilishi kaya. Mwenyekiti akapendekeza kila mmoja achukue tuta moja, la nne liende ofisini.

"Ofisi inakula njegere?" akauliza Bibi. Pendekezo likafia hapo.

Wiki hiyohiyo mjomba akamjia Tulakela, mpole kama paka wa jikoni. "Mwanangu, bonde sasa lina hadhi. Nirudishie kinyungu changu." Bonde zima limepona, na mtu pekee asiye na pa kusimika jembe ni aliyeliona likizama.

"Bila mimi," akasema Tulakela mbele ya wenye bonde wote, "mngekuwa mnanywa soda mpaka tingatinga lifike."

"Kweli," akasema Lwitiko. "Lakini wewe ulipigania sahani yako. Mimi bondeni sikuwa na hata mche. Nilipoteza kazi kwa ajili ya sahani za watu."

"Na bila mimi," akasema Bibi, "mngekuwa na karatasi safi ya kufungia maandazi. Kinyungu changu kiko mbali na maji, na goti hili halibebi tena ndoo."

"Bibi, wewe ulitudanganya!" akadakia mmoja.

"Ndiyo. Ukweli mliambiwa siku ishirini na mbili, mkalala."

Mwenyekiti, kwa mazoea, akapitisha karatasi ili watu wasaini. Ilipofika kwa Tulakela, hakushika kalamu. Aliigeuza, akatazama juu. Haikuwa na kichwa cha habari.

"Hii ni ya nini, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akakohoa. Tulakela akachukua kalamu, akaandika juu kwa herufi kubwa: NANI APEWE KINYUNGU CHA CHEMCHEMI? Kisha akaipitisha bila kuandika jina lolote.

Miguu iliyoona, macho yaliyosoma, au mdomo uliowaamsha waliolala? Karatasi imefika mkononi mwako. Makofi hatuhesabu, na soda hakuna. Wewe unaandika jina la nani?