Kidari cha Nakunda

Hapo zamani, na nikisema zamani msinitolee macho, ni zamani ya juzi tu, mashine inayoandika yenyewe iliingia ofisi za serikali. Wenyewe waliiita akili mnemba. Unaiambia, "Niandikie barua," na kabla hujameza mate barua hii hapa, na salamu za heshima juu.

Wilayani Ngarambo ukaja waraka kutoka wizarani. Ulisema: watumishi, itumieni, hatuwakatazi. Lakini usiipe siri ya mwananchi. Lakini usisaini ilichoandika kabla hujakisoma. Lakini ukiitumia, sema umeitumia. Atakayevunja, kazi hana.

Bi Ndewingia, mkuu wa utumishi na mshika muhuri, aliwasomea watumishi wote waraka ule akiwa amesimama.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Walisikia, ndiyo. Kusikia ni kazi nyepesi, hata wewe unayesinzia pale nyuma unasikia.

Ikafika Ijumaa. Mama mmoja, jina lake Nakunda, akaingia mbio hospitali ya wilaya, ambayo ukuta wake ndio ukuta wa ofisi. Mgongoni kambeba binti yake Anasia, mguu umevimba, ngozi inang'aa. Kifutu kamgonga shambani. Na kifutu, ndugu zangu, si nyoka wa kumfanyia mzaha.

Dokta Kanankira akafungua kabati, akalifunga. "Mama, dawa ya sumu ya nyoka imeisha. Ipo bohari ya mkoa. Lakini bohari haitoi bila barua yenye maelezo yote ya mgonjwa, na leo wakifunga, mpaka Jumatatu."

"Jumatatu mwanangu atakuwa wapi?"

Dokta akatazama saa ya ukutani.

"Basi barua iandikwe," Nakunda akasema. "Mimi sirudi nyumbani na maiti. Nasema sirudi!" Kisha akamsogelea, akashusha sauti. "Na nikwambie jambo ambalo hata ukoo wa baba yake haulijui. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimelificha tangu azaliwe, wasije wakasema nimewaletea ugonjwa."

Dokta akamwambia karani wa ofisi, Sifueli, kila kitu. Barua ya namna ile, ukiiandika kwa mkono wako, inakula mchana mzima. Sifueli akafungua mashine. Akailisha barua za zamani za ofisi. Akailisha jina la mtoto, umri wake, ugonjwa wake, siri ya mama yake. Akaiambia, "Niandikie kama hizi." Barua ikatoka.

Mbio kwa Dokta. Akamkuta mkono mmoja kashika dripu, wa pili kashika taya la mtoto pumzi isizibe.

"Dokta, isome kwanza."

"Niisome kwa jicho lipi? Nikimwachia huyu anakata roho. Geuka!" Akaachia dripu kidogo, akasaini juu ya mgongo wa Sifueli, akairudia dripu yake.

Mbio kwa Bi Ndewingia. Nakunda naye nyuma, kanga inaburuta. Bi Ndewingia akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Mama, piga muhuri!" Nakunda akalia.

Anasoma.

"Mama, mtoto anakufa, piga muhuri!"

Anasoma.

"Wewe una mtoto kweli?"

"Ninao watatu. Nyamaza nisome."

Akasoma mpaka chini. Jina, sawa. Ugonjwa, sawa. Dawa, sawa. Pa kuipeleka: zahanati ya Mlimbo. Loo! Mlimbo iko upande wa pili wa mlima! Sasa Mlimbo imetoka wapi? Barua zote za zamani za ofisi ile ziliombea dawa Mlimbo, kwenye nyoka wengi, na mashine ikafuata mazoea ya wenyeji wake. Bi Ndewingia akakata kwa kalamu, akaandika Ngarambo.

"Sifueli, nani kaandika hii?"

"Mashine, mama."

Akamtazama. Akapiga muhuri. Barua ikapigwa picha, ikatumwa mkoani, na gari lenye dawa likafika jua halijazama. Anasia akapona. Haya, pigeni vigelegele.

Mmemaliza? Mmefurahi mapema. Jumatatu Bi Ndewingia aliandika wizarani: Sifueli katoa siri ya mwananchi. Kanankira kasaini asichokisoma. Wizara ikajibu: waje mbele ya kamati ya nidhamu.

Sasa kwa kina Nakunda kuna desturi. Mtu akirudisha uhai wa mtoto wao, wanachinja, na kidari, ile nyama ya kifua, kinakuwa chake. Kidari hakigawanywi. Anapewa mmoja, na akishakila, ukoo wote unasimama nyuma yake kwenye shida yoyote, wazee kwa vijana. Ukoo ule ni mkubwa, na ukienda mbele ya kamati, kamati itausikia. Lakini utamsemea mmoja tu.

Nakunda akaja ofisini asubuhi ya kikao, kidari cha kuchoma kwenye sinia, kimefunikwa kawa. Akawakuta wote watatu barazani. Akawaambia, "Sitoki hapa mpaka nimempa mmoja. Semeni."

Sifueli akasema, "Nipe mimi, shangazi. Bila barua yangu pangekuwa na nini cha kusaini, na nini cha kusahihisha? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Niliambiwa nichague siri au mtoto, nikachagua mtoto."

"Aliyekuambia uchague ni nani?" Nakunda akauliza. "Mimi nilikuwa nje ya mlango wako. Ungenyanyua kichwa tu, ungeniuliza. Leo siri yangu imelala wapi?"

Sifueli hakujua imelala wapi.

Dokta akasema, "Mama Anasia, barua haimzuii mtu kufa. Aliyemshika mwanao mpaka dawa ikafika ni mimi. Mikono yangu ilikuwa miwili tu."

"Na sahihi yako ilikuwa inaipeleka dawa Mlimbo," akasema Bi Ndewingia.

"Na muhuri wako je?" Sifueli akaruka. "Ulijua mashine imeandika, ukapiga! Kisha ukatuchongea sisi, wewe ukajiacha!"

"Nilipiga nilichokisoma. Haraka haraka haina baraka." Bi Ndewingia hakurudi nyuma. "Ningekaa kimya, kesho karani mwingine angeiga, na dawa ya mtoto mwingine ingekwenda Mlimbo, na mimi sipo mlangoni. Nakunda, ulinitukana nikisoma. Sikukasirika. Lakini bila kusoma kwangu, leo ungekuwa umevaa nguo za msiba."

Nakunda akawatazama mmoja mmoja. Aliyeiuza siri yake akimwokoa mwanawe. Aliyesaini akiwa kipofu, huku mikono yake ikimshika mwanawe asife. Aliyesoma, kisha akawapeleka wenzake kamatini. Ndani, mwenyekiti wa kamati akaita, "Waingie!"

Nakunda akafunua kawa, akapiga hatua moja mbele.

Hapo ndipo ninapowaachia, na msinitazame mimi, mimi sikuchinja. Ukoo unangoja kujua utasimama nyuma ya nani. Haya, mnaojua kuhukumu: kidari kile, alistahili kupewa nani?