Ndoo ya Bi Nankondo

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, huko milimani Upare alifariki mama mjane, Bi Nasemba. Waombolezaji wakajaa uani, kaburi likaanza kuchimbwa, lakini maji ya kumwoshea hayakuwepo. Namkunda, binti yake, alishuka chemchemini na ndoo akarudi na tope. Jamani! Mtu aishi kando ya chemchemi maisha yake yote, halafu akose maji ya kuoshwa? Namkunda alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akawavuta ndugu zake nyuma ya jiko.

"Kaka Senkondo, si wewe uliyekata miti ya pale juu ya chemchemi ukachomea matofali?"

"Matofali ya nyumba ya nani?" Senkondo akawaka. "Si ya mama, aliyekuwa akinyeshewa? Muulize Elineema, aliyelima maharage mpaka mdomoni mwa chemchemi, udongo wote ukaporomokea ndani."

"Maharage aliyala mama," akajibu Elineema, mdogo wao. "Na wewe dada? Mikaratusi yako imeizunguka chemchemi, inakunywa maji mchana na usiku!"

Namkunda akainama. Kweli, aliipanda yeye, akauza nguzo, mama akatibiwa macho. Na mama mwenyewe je? Siku ile Bi Nankondo, jirani wa bondeni, alipopanda kulalamika kwamba mfereji wake umekauka, mama alimfukuza kwa mwiko mbele za watu. "Nenda zako! Maji ya Mungu hayaishi!" Wanawe watatu walikuwepo, wakacheka, na aliyecheka zaidi ni Namkunda.

Sasa maji yalikuwa kwa Bi Nankondo tu, ya mvua, aliyoyakinga kwenye pipa na kuyabania.

"Nani aende kuomba?" akauliza Namkunda.

"Mimi ndiye mkubwa, siwezi kuacha wageni," akasema Senkondo.

"Mimi mdogo, hatanisikiliza," akasema Elineema. "Nenda wewe, dada."

"Nitamtazama kwa macho gani?"

Wakasukumiana hivyo hivyo, mama yao amelala ndani hajaoshwa, mpaka wakasikia sauti uani.

"Hodi, wenye msiba."

Alikuwa Bi Nankondo. Bibi wa watu amepanda mlima wote ule, ndoo imejaa kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Hakutaja mfereji wala mwiko.

"Poleni, wanangu. Nimemletea mwenzangu maji. Haya, nani anitue? Shingo inaniuma."

Senkondo akatazama viatu vyake, Elineema akajifanya anapangusa jasho. Mkono wa Namkunda ukainuka kidogo, ukashuka.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msiinamishe vichwa nanyi! Mmoja alikata, mmoja alilima, mmoja alipanda, na wote wanasema ilikuwa kwa ajili ya mama. Ndoo ingali kichwani pa bibi wa watu, na watu wanatazama. Je, nani alistahili kunyoosha mikono amtue?