Kobe, Ngiri na Mafuta Mazito

Paukwa!

Mbona mnajibu kama mna njaa? Nasema, paukwa!

Pakawa! Haya, sasa nimesikia. Sogeeni.

Hapo zamani za kale wanyama walishindana kuonyesha misuli kila baada ya mavuno. Na palikuwa na Kobe, mwalimu wa kunyanyua mawe. Mkewe alikuwa amefariki masika yale, Mungu amlaze pema, na ua wake ulikuwa kimya. Kimya kabisa. Isipokuwa asubuhi. Asubuhi alikuja Ngiri, mwanafunzi wake wa pekee.

"Nyanyua!"

Ngiri ananyanyua. Hmp!

"Moja... mbili... tatu..." Kobe anahesabu polepole. Akifika tisa, anarudi saba. "Saba, nane, tisa. Saba, nane, tisa. Kumi! Tua."

Ngiri alikuja mwembamba kama ufito. Baada ya miaka miwili shingo yake ilikuwa nene kama kinu.

Siku moja Kasuku akatua juu ya ua. Akasikiliza. Akacheka, kwa-kwa-kwa!

"We Ngiri! Mzee anakuzungusha. Saba ngapi hizo? Njoo kwangu. Mimi nahesabu moja, mbili, kumi! Tena nitakufundisha kusimama mbele ya watu."

Kesho yake Ngiri hakuja. Kesho kutwa hakuja. Wala hakuaga.

Kobe akakaa uani. Akahesabu, "Moja, mbili, tatu," na hakuna anayenyanyua. Jirani yake, Mama Nungunungu, akachungulia.

"Mzee Kobe, unamhesabia nani?"

"Nahesabu mawe yangu. Yasije yakaibiwa."

"Mawe matatu, tangu alfajiri?"

"Mama Nungunungu, huna chungu jikoni?"

"Ninacho. Na wewe una uji umepoa. Kula, mzee. Aliyeondoka ameondoka."

Kobe hakula. Huzuni ikakaa tumboni, ikachacha, ikawa hila.

Siku ya mashindano ikafika. Mnajua washindani wanavyojipaka mafuta ya nazi, misuli ing'ae. Kobe akatambaa, tati, tati, mpaka nyumbani kwa Kasuku. Akamwaga mafuta ya kibuyuni. Akatia asali. Akatambaa, tati, tati, mpaka uwanjani, akakaa mbele kabisa, apate kuona vizuri.

Huku nyuma Kasuku anampaka Ngiri.

"Mwalimu, mafuta ya leo mazito."

"Mazito ndiyo yanayong'aa! Geuka."

Ngiri akang'aa kweli. Akaja uwanjani kwa maringo, kifua mbele. Lakini alipomwona Kobe, maringo yakamtoka. Akaenda moja kwa moja, akapiga magoti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Ma... marahaba."

"Niliondoka bila kuaga. Niliona haya. Bila radhi yako sipandi jukwaani. Niwekee mkono kichwani, uniombee."

Jamani! Na mwalimu akiombwa dua hakatai. Kobe akakitazama kile kichwa. Kinang'aa. Kinanukia maua.

"Nikuombee kwa mbali?"

"Dua gani ya mbali, mwalimu?"

Kobe akaweka mkono. "Ee Mwenyezi Mungu," akaanza. Akataka kuutoa mkono. Hautoki! Umenata.

Vuuuuu!

"Mwalimu, mbona dua yako inavuma?"

"Hiyo si dua, mwanangu. Hao ni nyuki. Kimbia!"

Ngiri akatimua mbio. Kobe ananing'inia kichwani, pata-pata-pata, mpaka kwenye dimbwi la tope. Chubwi!

Walipoibuka, nyuki wameshawauma na wamevimba: Kobe ana jicho moja, Ngiri ana pua mbili. Wakatazamana.

"Ni mimi," Kobe akasema. "Nilitia asali. Uliniumiza ulipoondoka, nikataka nawe uumie."

Ngiri akatema tope. Kisha akauliza, "Na zile saba?"

"Nilikurudisha nyuma upate nguvu." Kobe akainama. "Na siku nyingine nilikurudisha usiondoke mapema. Ua wangu una kimya kingi, Ngiri."

Ngiri akamfuta tope usoni. "Sirudi, mwalimu. Kwa Kasuku najifunza kusimama."

"Najua. Inama."

Kobe akaweka tena mkono, safari hii una tope tu, akaimaliza ile dua mpaka amina. Ngiri akapanda jukwaani mchafu, amevimba, watu wakimcheka. Akawa wa pili. Kobe akapiga makofi. Jicho linauma, moyo unauma, naye anapiga makofi, mpaka wenzake wote wakawa wamenyamaza, makofi yakabaki ya kwake peke yake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Mwanafunzi ni amana ya Mungu, si mali ya mwalimu. Akiondoka, lia kama unataka kulia. Halafu mwombee. Ukimtilia asali, nyuki watawauma wote wawili.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea, nami nimenyamaza.