Konzi Tatu za Baruti

Jumbe Kivumbi alimtupia mhunzi Shemdoe gobore la marehemu babu yake, mtutu umeliwa na kutu. "Ijumaa nilikute kama enzi za babu, la sivyo kibanda chako nakitia moto. Babu alikuwa akishindilia konzi tatu za baruti!"

Ijumaa, mbele ya watu, Shemdoe alilileta linameta. "Tayari, Jumbe. Nimeshindilia konzi tatu zilezile. Ila desturi yetu wahunzi, mwenye gobore ndiye hupiga wa kwanza."

Jumbe aliutazama mtutu, akaikumbuka ile kutu na jinsi konzi tatu zinavyoweza kuupasua, akarudi nyuma hatua mbili. "Kazi safi! Lakini kumbukumbu ya babu haichezewi. Litundikeni ukutani, na mhunzi apewe beberu."

Njiani mkewe alimuuliza, "Mtutu uliutengenezaje?"

"Nani kautengeneza? Nimeupaka mafuta ya nyonyo kwa nje."

"Na ile baruti?"

"Majivu ya jikoni kwako."