Sharubati ya Marehemu

Usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Watu wengi wakiisikia methali hii humfikiria mbwa wa jirani, au mgomvi aliyekwisha kunyamaza ambaye mtu anakwenda kumchokoza tena. Hawakosei. Lakini usingizi una namna nyingi, na uko mwingine ambao mtu haulali kitandani. Mwanamke wa kisa hiki aliambiwa hayo mapema, kwa upole na kwa ukali, naye akatia pamba masikioni.

Alikuwa mshonaji wa nguo. Kwa wembamba wake na kwa kazi yake watu walimwita Sindano, wala hakukasirika. Alisema bora sindano kuliko gunia. Aliolewa na fundi wa majokofu, mgane mpole mwenye binti mmoja. Mke wa kwanza wa fundi alikuwa amefariki kwa homa, akaacha mtoto, bakuli kubwa la kioo, na sifa.

Sifa hizo ndizo zilizomkaa Sindano kooni. Msimu wa joto ulipofika, ukoo mzima wa mume ulikusanyika kila Jumapili uani kwa fundi, na katikati ya meza liliwekwa bakuli lile limejaa sharubati ya matunda: nanasi, embe, pasheni, chungwa, ndimu ya kukata utamu, na tangawizi kidogo ya kuamsha ulimi. Marehemu ndiye aliyekuwa akiitengeneza, na kwa sababu hiyo alijulikana kama Mama Bakuli. Alikuwa mnene na mcheshi. Kicheko chake kilianzia chini kikapanda, kama mtu anayekimbia ngazini, na aliyekisikia hata kama alikuwa na msiba wake alijikuta anacheka.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kila mtu alikuwa na glasi yake mwenyewe, na asiyekuwepo, glasi yake ilifunikwa kwenye sinia, mdomo chini, ili asisahaulike. Akirudi, aliifunua kwa mkono wake. Hakuna aliyeruhusiwa kumfunulia. Glasi ya Mama Bakuli, yenye ua jekundu, ilikuwa imefunikwa tangu siku alipozikwa. Sindano alipoingia nyumbani, mama mkwe alimnunulia yake, yenye mstari wa buluu, akamwambia, "Haya, sasa umehesabiwa."

Jumapili ya kwanza ya joto, Sindano aliamka asubuhi na mapema, akamenya, akakamua, akachuja, akatia barafu. Wageni wakanywa. Kisha wifi yake, dada wa mume, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akalamba midomo.

"Si haba, wifi. Lakini siyo ile."

"Nyamaza wewe!" mama mkwe akamkata. "Unakunywa cha bure na bado unachagua?"

Watu wakacheka. Fundi akasema ni nzuri sana, akamshukuru mkewe mbele ya watu, kisha akaiweka glasi chini ikiwa nusu. Sindano aliitazama ile nusu ikipata moto juani mpaka nzi akaangukia ndani. Ilimuuma, tena ilimuuma kweli. Hakutaka dhahabu wala hakutaka kusifiwa mtaani. Alitaka mume wake amalize glasi.

Walipokuwa wakiosha vyombo, mama mkwe alimsogelea. "Mwanangu, sura yako imeshuka. Usimsikilize yule, hata mimi mama yake sijawahi kumpikia kitu kikamridhisha. Tengeneza yako. Ikiwa mbaya tutainywa, tutakusengenya, tutazoea. Hiyo ya mwenzio iache ilale naye."

"Lakini mama, si ni matunda tu?"

"Matunda yapo kila genge. Mbona hakuna aliyeipata?"

Mshonaji akiletewa nguo ya zamani asiyojua ilivyokatwa, huifumua mshono kwa mshono, akatandaza vipande juu ya kitambaa kipya, akakata vivyo hivyo. Hiyo ndiyo njia aliyoijua ya kujifunza kitu. Basi akaamua kumfumua marehemu.

Alianzia sokoni, kwa muuza matunda mwenye kibanda kwenye kona. "Mke wa kwanza wa fundi alikuwa anachaguaje mananasi?"

"Ah, yule!" muuza matunda akatabasamu. "Hakuwa mtu wa kuminyaminya. Alilinusa nanasi kitakoni, likimridhisha analipiga kofi, kama anamwadhibu mtoto mtundu."

Sindano akanusa, akapiga kofi, akatia kikapuni. "Asante, Kaka Mizani," akasema akigeuka kuondoka.

Muuza matunda akaliachia embe alilolishika. "Umeniitaje?"

"Sijui. Limenitoka tu."

"Jina hilo alikuwa ananiita yeye, kwa utani, tena tukiwa peke yetu. Hata mke wangu halijui." Alimtazama Sindano tangu kichwani hadi miguuni, na siku ile hakumwambia karibu tena.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akaliacha jambo pale. Sindano alifurahi! Alijiambia kuwa amepata mshono wa kwanza. Akamwita binti wa kambo, aliyekuwa akicheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akamuuliza mama yake alikuwa akikoroga namna gani.

"Na mkono huu," mtoto akainua wa kushoto. "Mama alikuwa shoto. Na alikuwa anaongea na bakuli."

"Akiliambia nini?"

"'Kolea, mpenzi, watu wana kiu.'" Mtoto alisema maneno hayo taratibu, kisha akakunja uso. "Mama Mdogo, wewe usiyaseme. Wewe sema yako."

"Mimi nina yangu yapi?"

"'Shika hapa nisije nikakuchoma.' Unaniambia kila siku ukinipima gauni."

Sindano akacheka, akambusu utosini. Lakini Jumapili iliyofuata alifungua sanduku la marehemu, akatoa aproni yake, akaivaa. Ilimzunguka karibu mara mbili. Akashika mwiko kwa mkono wa kushoto, akaliinamia bakuli, akanong'ona, "Kolea, mpenzi, watu wana kiu."

Nje jua lilikuwa linapasua kichwa, ila jikoni pakaingia ubaridi, kama mtu amefungua mlango wa jokofu nyuma yake. Mwiko ulikuwa mzito mkononi. Ghafla ukawa mwepesi, mwepesi mno, ukawa unazunguka kana kwamba kuna mwingine ameshika ncha ya mpini anamsaidia. Nywele zilimsimama. Hata hivyo hakuuachia, kwa kuwa harufu iliyopanda kutoka bakulini haikuwa ya wiki iliyopita. Ilikuwa harufu ya nyumba yenye watu wanaopendana.

Siku hiyo fundi alikunywa mpaka ikabaki kidogo chini ya barafu. Wifi akafumba macho. "Inakaribia," akasema. "Jamani, inakaribia."

Akaendelea kuivaa aproni ile, na msimu ulipokaribia kwisha cherehani ilianza kumkataa. Alishindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano. Mkono wa kulia ulitetemeka na wa kushoto haukuijua kazi. Miguu ilisahau pedeli. Mwalimu wa jirani alikuja kujaribu gauni lake, akaingiza kichwa, akakwama.

"Sindano," akasema akiwa ndani ya kitambaa, "mbona mkono wa gauni umeushonea shingoni? Mimi ni mwalimu, siyo tembo."

Sindano akaangua kicheko. Kilianzia chini, kikapanda, kikakimbia ngazini. Ukumbini sufuria ilianguka kwa kishindo, na mama mkwe akatokea mlangoni, midomo imemkauka.

"Nani amecheka humu?"

"Mimi, mama."

"Cheka tena."

Sindano akajaribu kukitafuta kicheko chake mwenyewe, kile chembamba cha puani kilichomfanya fundi ampende. Hakukipata. Mwalimu alijitoa kwenye gauni, akaaga haraka haraka, akaliacha pale pale. Walipobaki wawili, mama mkwe alimshika mabega.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilimpenda yule kama binti yangu, na nililia mpaka macho yakavimba. Lakini nilimwacha aende. Wewe unamwita wa nini? Wawili hamtaenea katika nafasi moja. Vua aproni hiyo, uichome."

"Nitaivua, mama, naapa. Imebaki Jumapili moja tu ya kukutana. Mume wangu akimaliza glasi moja, moja tu, ninaivua."

"Mume wako anakupenda na glasi nusu."

"Nataka anipende na glasi nzima."

Mama mkwe akatazama kamba za aproni. Kamba zile zilizokuwa zikimzunguka Sindano mara mbili, sasa zilifika nyuma kwa shida. Na yeye, mshonaji mwenye futi ya kupimia shingoni mchana kutwa, hakuwa amejipima.

Jumapili ya mwisho watu walijaa uani hadi viti vikaazimwa kwa majirani. Sindano alilitoa bakuli mwenyewe, akaliweka mezani, akajaza glasi za wote kabla ya kuigusa yake. Wakanywa. Baba mdogo wa fundi alivua kofia, akaishika kifuani. Wifi, yule asiyejua kunyamaza, alinyamaza, machozi yakimtiririka kidevuni. Watoto waliacha kukimbizana.

Fundi alikunywa taratibu. Akafika nusu, akapita nusu. Akafika chini, akainamisha glasi mpaka barafu ikamgonga meno, akanyonya tone la mwisho. Sindano aliyaona hayo yote, na moyo wake ukajaa furaha ambayo hajawahi kuijua tangu azaliwe. Amemaliza! Mume wake amemaliza glasi!

"Na wewe kunywa," fundi akamwambia, akimsogezea sinia. "Kaa nasi."

Kwenye sinia zilikuwa zimesalia glasi mbili: ya mstari wa buluu imesimama, na ya ua jekundu imefunikwa. Sindano akapeleka mkono wa kulia kuichukua yake. Wa kushoto ulikuwa umekwisha kufika. Uliipita ya buluu, ukaishika ya ua jekundu, ukaifunua.

"Mama Bakuli!" wifi akapiga ukelele wa furaha, akamrukia shingoni. "Ni ile! Ni ile yenyewe! Ulikuwa wapi wewe?"

Wakamzonga wote, kila mmoja akitaka kumgusa. Mmoja alimuuliza mbona amekonda, mwingine akasema hajakonda, ni yule yule. Fundi alimshika uso kwa viganja viwili, akamwita jina ambalo hakuwahi kumwita. Sindano alifungua kinywa awaambie kwamba wamekosea, kwamba yeye ni fulani, mshonaji. Akalitafuta neno. Lilikuwa hapa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Kilichotoka kilikuwa kicheko, na kilipanda ngazi mpaka juu kabisa.

Mama mkwe hakuwa ameonja. Glasi yake ilikuwa imejaa mbele yake. Alisimama kwa kujikongoja, akatazama kiti baada ya kiti.

"Mkwe wangu yuko wapi?" akauliza. "Yule mwembamba. Sindano wangu yuko wapi?"

"Nani, mama?" fundi akamjibu, bila hata kugeuka.

Binti wa fundi, ambaye naye hakuwa ameonja, alikuwa ameshakwenda kwenye sinia. Aliichukua glasi ya mstari wa buluu, akaipangusa kwa pindo la gauni lake alilokuwa ameshonewa msimu ule, akaigeuza mdomo chini. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu, kama alivyofundishwa.

"Mbona unaifunika, mjukuu wangu?" mama mkwe akamuuliza, sauti ikimvunjika.

"Ni ya Mama Mdogo," mtoto akasema. Chozi lilimdondoka likaangukia kitako cha glasi. "Leo hayupo."

Mama mkwe akanyoosha mkono aifunue, kisha akaurudisha. Desturi aliiweka yeye mwenyewe: aliyeondoka huifunua kwa mkono wake. Akaketi, akajifunika uso kwa khanga.

Kule mezani mwanamke mnene mwenye aproni iliyomkaa sawasawa alikuwa akiwaongezea wageni. Alikoroga kwa mkono wa kushoto, akaliinamia bakuli. "Kolea, mpenzi," akasema, "watu wana kiu." Na chumbani cherehani ilikaa kimya, sindano yake imechomekwa kwenye gauni la mwalimu, katikati ya mshono ambao hakuna aliyeweza kuumaliza. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.