Kidole Kilichohurumiwa

Sogeeni mbele, ndugu zangu, nafasi ipo. Palikuwa na mama mmoja, mshonaji wa kofia za mkono. Baridi yabisi ikamla kidole cha shahada, hata sindano ikawa haishikiki. Akapasuliwa, kidole kikawekewa kiungo cha bandia ndani. Alhamdulillahi! Mtaalamu wa mazoezi akamwambia wazi: “Mama, kila saa kikunje mara kumi, kama nilivyokuonyesha. Kitauma. Una wiki sita. Ukikiacha kitakakamaa, na hapo hutashona tena.”

Sasa nyumbani yuko mkamwana. Mkamwana kwelikweli, si hawa wenu wa kulala mpaka saa nne! Mama akianza kukunja kidole, akisema tu “Aii!”, binti anakuja mbio. “Mama, pumzika. Watu watasemaje, unateseka na mimi nipo?” Akamlisha, akamfunga kanga, akamchana nywele. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila jioni mama anasomewa dua, na kidole kimelazwa juu ya mto kama mgeni. Hatari hiyo mnaiona? Wao hawakuiona.

Wiki ya sita wakarudi hospitali. Mtaalamu akaweka sindano mezani.

“Mama, iokote.”

Mama akajaribu, jasho linamtoka. Akajaribu tena. Wapi! Kidole kimesimama vilevile.

“Nani alikuwa akimtunza?”

“Mimi,” mkamwana akasema kwa furaha. “Hata kijiko hajashika!”

Mtaalamu akamwonyesha kidole kilivyokakamaa kwa kutokunjwa. Binti alipoelewa, akaangua kilio. Ndipo mama akasema, “Msimlaumu mwanangu. Nikimwona anakuja nilikuwa nalia zaidi, ili aniambie niache.”

Subhanallah!

“Njia bado ipo?” mama akauliza.

“Ipo, nyembamba. Ila sasa itauma maradufu, na atakayekuhurumia atoke nje.”

Na sisi je? Tumeomba toba, Mola katupa kiungo kipya. Kukikunja ni kumwendea uliyemdhulumu ukamwambia, “Nimekosa.” Inauma, wallahi inauma. Basi tunakwenda kumlilia rafiki, naye anatuambia, “Achana naye, yatapoa.” Na hilo ndilo tulilotaka kusikia! Wiki zinakwenda. Siku ya Kiyama, viungo vitakapotoa ushahidi, hiki chetu kitasema nini? Kwamba kilihurumiwa?

Unamjua ni nani, wewe uliyeinamisha kichwa. Ukitoka hapa, kabla hujala, kapige hodi mlangoni kwake. Itauma. Kunja hivyo hivyo.