Mahindi Katikati ya Njia

"Usilime njia, hujui atakayepitishwa." Mnacheka nini? Mmemsikia mjomba wenu akimwambia jirani maneno hayo, mkadhani ni ugomvi. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, mikono ifanye kazi na masikio nayo yafanye kazi. Methali hii ilizaliwa huku huku kwetu Mbozi, na ilianza hivi.

Palikuwa na mkulima akiitwa Halinga. Mchapakazi, sikatai, lakini tamaa ya ardhi ilimzidi. Shamba lake lilipitiwa katikati na njia ya watu wote, iliyotoka kijijini kwenda kisimani na makaburini. Desturi ilijulikana: ng'ombe wakifika njiani, unanyanyua plau, unavuka, unaendelea upande wa pili. Mwaka huo Halinga hakunyanyua. Alilima moja kwa moja, akapanda mahindi, njia ikapotea.

Watu walipomwambia, akajibu, "Zungukeni bondeni. Si mna miguu?"

Wakazunguka, kina mama na ndoo zao kichwani. Sisi watu wa huku tuna ubaya wetu: kunung'unika tunajua, kushtaki hatujui.

Mvua kubwa zikanyesha, mto wa bondeni ukafurika. Mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, mama yake Halinga akafariki. Jamani, alivyompenda mama yake yule! Mama alikuwa ameagiza azikwe kando ya mumewe, na kwa desturi ilibidi azikwe siku ile ile, kabla ya jua kutua. Jeneza likatoka alasiri. Wabebaji walipofika ukingoni mwa shamba, wakasimama.

"Mbona mmesimama?" Halinga akauliza.

"Njia iko wapi?" akasema Mzee Nzowa, aliyekuwa ametangulia mbele ya jeneza.

"Piteni humo humo kwenye mahindi. Kanyageni tu, nimeruhusu!"

"Chakula hakikanyagwi na mwenye maiti begani, mwanangu. Hilo unalijua tangu utoto. Na bondeni maji yanafika kifuani."

"Basi nisaidieni kufyeka, baba zangu. Jua linakwenda!"

"Aliyeifunga ndiye aifungue," Mzee Nzowa akasema. "Mama tutambeba, hatutamtua chini. Ila mahindi yako hatuyagusi."

Hakuna aliyemcheka. Halinga akachukua panga, akaanza kuyakata mahindi yake mabichi, shina baada ya shina, huku analia kwa sauti na kumwomba mama yake radhi. Kila alipofyeka kidogo, wabebaji walisogea kidogo. Wale kina mama wa ndoo walikuja nyuma wakiimba nyimbo za maziko, na wao pia walilia. Waliwahi kumzika mama yule: udongo wa mwisho ulimwagwa jua likigusa vilima.

Msimu uliofuata Halinga alilima tena. Ng'ombe walipofika njiani akawasimamisha, akanyanyua plau mwenyewe, akavuka. Jirani mmoja mgeni, aliyekuwa akilima shamba la pili, akamcheka.

"Bwana Halinga, unajitesa bure! Kinjia chenyewe hicho! Lima tu, nani atapita hapo?"

Halinga alijifuta udongo mikononi, kisha akasema taratibu, "Ndugu yangu, usilime njia. Hujui atakayepitishwa."